Muulize Wazi, Kisha Usimwache Peke Yake

Hotuba kwa askari wastaafu na familia zao

Ndugu zangu wastaafu wa jeshi, wake na waume mliowasubiri warudi, wazazi, wajane, na nyote mliofika, asanteni. Tutazungumza mambo ambayo katika mikusanyiko yetu mingi husemwa nje, mkutano ukishakwisha, tena kwa kunong'ona.

Nimekuja kuwazungumzia wenzetu wanaojiua baada ya kuvua gwanda, na namna ya kuwawahi. Humu ndani wamo waliofiwa kwa njia hiyo. Wamo pia, sina shaka, ambao wiki hii wenyewe wamelifikiria jambo hilo. Kwa hao nasema mapema, kabla sijaendelea: inuka wakati wowote ukitaka. Chumba cha pembeni wamo wanasihi, na hakuna atakayekuuliza cheo wala namba yako ya jeshi.

Nianze na swali. Ukimwona mwenzako amebadilika, muulize: "Je, unafikiria kujiua?" Liulize kwa maneno hayohayo. Najua ulimi unakuwa mzito. Mtu anaogopa kwamba akilitaja atakuwa amempandikizia mwenzake wazo ambalo hakuwa nalo. Watafiti wameichunguza hofu hiyo miaka mingi, kwa vijana na kwa watu wazima, kwa wagonjwa na kwa wazima, na hawajaona kwamba kuuliza kunamsukuma mtu kujiua. Wengi huona nafuu, maana hatimaye yupo mtu aliyeliona waliloshinda nalo miezi mizima. Kinachodhuru ni lile swali la kuzungukazunguka: "Wewe huwezi kufanya ujinga, sivyo?" Hapo umeshamjibia. Atakwambia "hapana" ili akutulize wewe, kisha atarudi chumbani mwake na mzigo uleule.

Na akikujibu "ndiyo", usikimbilie kumhubiria. Usimwambie awafikirie watoto, kwa maana amekwisha kuwafikiria, na pengine ameamini kwamba watoto hao wataishi vizuri zaidi asipokuwepo. Hili ndilo watu wasiokaa na wagonjwa hawa hawalijui. Wengi wao hawasemi wamechoka kuishi. Wanasema: "Nawalemea." "Mngekuwa na nafuu bila mimi." Mwanasaikolojia wa Marekani, Thomas Joiner, ameeleza mambo matatu ambayo yakikutana humweka mtu pabaya: kujiona hana wa kwake, kujiona mzigo kwa wengine, na kuwa amezoea maumivu na kifo kiasi kwamba havimtishi tena. Mkiyatazama mambo hayo kwa macho ya askari, mtaona mara moja ugumu ulipo. Hilo la tatu jeshi humfundisha mtu kwa makusudi, kwa sababu bila hilo hawezi kazi. Na siku anapokabidhi vifaa na kutoka getini, la kwanza na la pili huanza kumfuata. Jana alikuwa na kombania nzima, leo ana simu isiyolia. Jana alikuwa anaamrisha na kulisha nyumba, leo anaomba nauli kwa shemeji yake.

Kwa hiyo tuache kudhani kwamba hatari iko kwa aliyepigana peke yake. Kule Uingereza, uchunguzi wa waliotoka jeshini haukuonyesha kwamba wote kwa jumla hujiua kuliko raia wenzao. Hatari kubwa ilionekana kwa walioondoka wakiwa vijana, chini ya miaka 25, tena wengi baada ya utumishi mfupi: kwao ilikuwa mara mbili hadi nne ya vijana wa rika lao. Wengine hawakufika mstari wa mbele hata siku moja. Australia iliunda Tume ya Kifalme mwaka 2021 kuchunguza vifo vya kujiua vya wanajeshi na waliokuwa wanajeshi. Ripoti yake ya mwisho, iliyotoka Septemba 2024, ina mapendekezo 122. Huko imeonekana kwamba wanawake waliotoka jeshini hujiua kwa kiwango cha takriban mara mbili ya wanawake wengine, na kwamba aliyeondolewa kwa sababu ya afya yuko hatarini kuliko aliyeondoka kwa hiari yake. Basi yule kijana aliyerudishwa nyumbani goti likiwa limevunjika mwaka wa pili, ambaye hatumwalika kwenye hafla zetu kwa sababu "hakuona vita", naye anatuhusu. Na dada zetu waliotumikia wanatuhusu, wakiwemo wale ambao jeraha lao walilipata mikononi mwa mwenzao wa gwanda, wakakosa wa kumshtakia.

Aibu tunayoibeba ina historia. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, madaktari walianza kuona askari wanaotetemeka, waliopoteza sauti, wasioweza kulala, ilhali mwilini hawana jeraha. Charles Myers, daktari wa jeshi la Uingereza, aliandika juu yao mwaka 1915. Jeshi hilohilo, katika vita hivyohivyo, liliwapiga risasi askari 306 kwa makosa kama utoro na woga. Walisamehewa mwaka 2006, wakati karibu kila aliyewajua ameshakufa. Na ugonjwa wa msongo unaofuata kiwewe, yaani mshtuko wa jambo la kutisha, haukuingia katika mwongozo rasmi wa madaktari wa akili wa Marekani hadi mwaka 1980, baada ya wastaafu wa vita vya Vietnam na madaktari waliosimama nao kudai kwa miaka mingi. Askari wa zamani ndio waliodai ugonjwa huo utambuliwe, wakafanikiwa. Nawaomba mlikumbuke hilo kila mnapoambiwa kwamba kwenda kwa daktari wa akili ni udhaifu.

Tuna methali: mficha maradhi kilio humuumbua. Huwa tunaitamka msibani kana kwamba marehemu ndiye mkosaji. Mimi huuliza, alimficha nani, na aliona nini hata akaamua kwamba kuficha ni salama zaidi? Kama kila aliyewahi kusema "silali" alijibiwa "jikaze", basi sisi ndio tuliomfundisha kuficha.

Sasa nije kwenye jambo ambalo nalishikilia kuliko yote, na nitakaa hapa kidogo.

Watu wengi wanaamini kwamba aliyekusudia kujiua hazuiliki, na ukimfungia njia hii atatafuta nyingine. Wanaookolewa wanatueleza vingine. Wanasema kile kilele, ile hali ya kuona hakuna mlango mwingine, kilidumu dakika kadhaa, au saa chache. Kilipanda, kikashuka. Na kati ya watu 10 waliojaribu wakaokolewa, takriban 9 hawafi kwa kujiua baadaye. Kwa hiyo zile dakika zina thamani kubwa mno. Mtu akizivuka akiwa hai, mara nyingi anaishi.

Jeshi la Israeli lilikuwa na desturi ya kuwaruhusu askari vijana waende nyumbani mwisho wa wiki na bunduki zao. Mwaka 2006 likaamuru bunduki zibaki kambini. Vifo vya kujiua miongoni mwa askari wa umri wa miaka 18 hadi 21 vikashuka kwa takriban asilimia 40, na upungufu huo ulionekana hasa mwisho wa wiki. Katikati ya wiki hali ilibaki karibu ileile. Vijana wale hawakusubiri Jumatatu. Walivuka usiku ule mbaya bila silaha karibu, asubuhi ikawakuta hai.

Marekani, ambako hesabu hizi hutolewa kila mwaka, wastaafu 6,407 walijiua mwaka 2022, na zaidi ya asilimia 70 yao walitumia bunduki. Mstaafu anaijua silaha, ameishi nayo, anajiona salama nayo ikiwa karibu. Ukimwambia "toa hiyo bunduki nyumbani", atasikia unamvua hadhi yake iliyobaki. Kwa hiyo usimnyang'anye. Zungumza naye siku njema, akiwa ametulia, mkubaliane kama askari wanavyokubaliana kuhusu zamu ya lindo: "Afande, zikija zile siku zako mbaya, ufunguo wa kabati nitaushika mimi. Siku ukitengemaa, utarudishiwa." Aliye na leseni ahifadhi silaha kwa utaratibu wa sheria, iwe kwenye kabati la kufuli, risasi mahali pengine, au kwa muda nje ya nyumba kabisa, kama sheria ya nchi yake inaruhusu. Fanyeni hivyohivyo kwa dawa. Dawa za usingizi na za maumivu zichukuliwe kidogokidogo, na akae nazo mtu mwingine. Hatua hizi hazimalizi huzuni ya mtu. Zinampa muda, na muda ndio unaotuwezesha sisi wengine kufika.

Tukishafika, tufanye nini? Niwape habari ya Jerome Motto, daktari wa akili wa San Francisco. Aliwahi kuwa mwanajeshi katika Vita vya Pili vya Dunia, na hakusahau jinsi barua za mtu mmoja zilivyomshikilia huko alikokuwa. Baadaye, akiwa daktari, aliwachukua watu 843 waliolazwa kwa sababu ya sonona au kutaka kufa, ambao wakishatoka hospitali walikataa matibabu au waliyaacha. Karibu nusu yao akawaandikia barua fupi kwa muda wa miaka mitano. Barua hazikuwa na ushauri, ukumbusho wa miadi, wala fomu ya kujaza. Zilisema tu, kwa maana yake, muda umepita tangu tulipoonana, tunatumaini hujambo, ukipenda kutuandikia tutafurahi. Katika miaka miwili ya kwanza, walioandikiwa walikufa kwa kujiua kwa kiwango kidogo kuliko wale ambao hawakuandikiwa. Matokeo yalichapishwa mara ya kwanza mwaka 1976. Tangu mwaka 2020, idara ya wastaafu ya Marekani nayo hutuma barua za namna hiyo kwa waliopiga simu yao ya dharura.

Nikiifikiria habari hii hujiuliza tunasubiri nini. Kila mmoja wenu ana simu mfukoni. Mnao wale mliokuwa nao platuni moja, ambao hamjasikiana tangu mstaafu. Kumwandikia mtu "nimekukumbuka leo" hakuhitaji bajeti wala kibali cha wizara. Sharti ni moja tu, nalo ni gumu kuliko linavyosikika: usidai jibu. Asipojibu, mwandikie tena mwezi ujao. Anayejiona mzigo akiona umekasirika kwa kutojibiwa, umemthibitishia.

Zaidi ya hapo ipo karatasi inayoitwa mpango wa usalama. Iliandaliwa na wanasaikolojia wa Marekani, Barbara Stanley na Gregory Brown. Mtu huandika mwenyewe, akisaidiwa na mnasihi: dalili zangu za mwanzo ni zipi, naweza kufanya nini peke yangu nikiziona, niende wapi penye watu, nimpigie nani, mtaalamu wangu ni nani, na nyumbani kwangu kinaondolewa nini. Ilipojaribiwa katika vyumba vya dharura vya hospitali za wastaafu nchini Marekani, pamoja na kupigiwa simu baada ya mgonjwa kurudi nyumbani, majaribio ya kujiua na matukio yanayofanana nayo katika miezi sita iliyofuata yalipungua kwa karibu nusu. Ni karatasi moja. Na askari huielewa haraka, maana maisha yake yote amefanya kazi kwa mpango ulioandikwa kabla mambo hayajaharibika.

Juu ya tiba yenyewe sitasema mengi, wataalamu wapo. Ugonjwa wa kiwewe unatibika. Zipo tiba za mazungumzo zinazochukua miezi michache, ambamo mtu anasaidiwa kulirudia tukio hatua kwa hatua mpaka lisimtawale tena. Zipo dawa za sonona. Usingizi utibiwe kama ugonjwa kamili, kwa sababu mtu asiyelala wiki nzima hawezi kupambana na mawazo yake. Pombe nayo ni hivyohivyo. Inampa usingizi wa saa mbili, inamwamsha saa tisa usiku akiwa dhaifu kuliko alivyolala. Na aliyewahi kuwa karibu na mlipuko apimwe ubongo. Hasira na usahaulifu vyake huenda vina chanzo kinachoonekana.

Lakini kuna maumivu ambayo daktari peke yake hayamalizi. Yupo ambaye hasumbuliwi na hofu. Anasumbuliwa na alichokifanya, au alichoshindwa kukizuia, au amri aliyoitii. Huyu ukimwambia "ulikuwa unatekeleza wajibu" unamfunga mdomo. Anataka apatikane mtu mmoja atakayeisikiliza habari yote mpaka mwisho bila kumhukumu na bila kuharakisha kumsafisha. Mara nyingi mtu huyo ni mstaafu mwenzake. Wakati mwingine ni kiongozi wake wa dini. Viongozi wa dini mliopo, nawaomba kwa heshima: msimtishe na moto. Yumo ndani ya moto huo tayari.

Jenerali Roméo Dallaire wa Kanada aliongoza kikosi cha Umoja wa Mataifa nchini Rwanda mwaka 1994. Aliomba askari zaidi hakupewa, akashuhudia mauaji ya kimbari. Aliondoka jeshini mwaka 2000 akiwa mgonjwa, na amesema hadharani kwamba alijaribu kujiua zaidi ya mara moja. Mtu wa cheo kile kusimama na kusema maneno yale kuliwafungulia njia maelfu walio chini yake. Katika miaka hiyohiyo Kanada ikaanzisha mpango wa askari waliougua kuwasaidia wenzao wanaougua. Dallaire aliendelea kuishi, akawa seneta, akafanya kazi ya kuzuia watoto wasitumikishwe vitani. Nawaambia maafande wakubwa mlioketi mstari wa mbele: mkisema ninyi, koplo atasema.

Kwa wenye mamlaka nina machache. Kule Marekani, takriban 6 kati ya 10 ya wastaafu waliojiua hawakuwa wamehudumiwa na hospitali za wastaafu katika mwaka ule wala uliotangulia. Huduma zipo na mtu hafiki. Kwa hiyo askari asiachiwe getini na karatasi ya anwani. Akabidhiwe kwa mtu, kwa jina, kabla hajatoka, na mtu huyo amfuatilie mwaka mzima wa kwanza. Tangu Januari 2023, nchi hiyo humlipia mstaafu aliye katika hatari ya kujiua matibabu ya dharura hospitali yoyote, hata kama hakuwahi kujiandikisha. Na zipo nchi ambazo bado humshtaki aliyejaribu kujiua. Ghana iliifuta sheria hiyo mwaka 2023, na Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilisema kifungu kama hicho kinapingana na Katiba. Palipo na sheria hiyo, familia humficha mgonjwa nyumbani kwa kuogopa polisi, na hapo hata mnasihi bora hawezi kumfikia.

Familia, najua mmechoka. Kuishi na mtu anayeshtuka mlango ukigongwa, anayekaa sebuleni usiku kucha akilinda nyumba isiyovamiwa na mtu, kunachosha. Ninyi nanyi mnastahili mnasihi wenu. Msisubiri mpaka yeye akubali kwenda kwanza.

Angalieni haya: anagawa vitu anavyovipenda, anapanga hati na madeni bila sababu, anawapigia watu wa zamani kama anayeaga, anasema mambo ya kuwa mzigo, anajitenga, anakunywa kuliko kawaida, au, baada ya wiki nyingi za giza, anatulia ghafla bila ninyi kuelewa kilichobadilika. Hiyo ya mwisho huwadanganya wengi wakashukuru Mungu na kulala.

Ukiona hayo leo usiku, muulize lile swali. Akisema ndiyo, kaa naye. Ondoa silaha na dawa karibu naye. Piga simu ya msaada ya nchi yako, au namba ya dharura, au mpeleke hospitali iliyo karibu, na usimwache njiani akaenda peke yake. Aliye Marekani apige 988 kisha abonyeze 1. Aliye Uingereza apige 116 123, saa yoyote. Ukifika hospitali sema wazi mapokezini: "Huyu anataka kujiua." Usiseme ana maumivu ya kichwa kwa kuona haya, mtakalishwa foleni. Na akiruhusiwa kurudi nyumbani, siku na wiki za kwanza ndizo za kumwangalia kwa karibu zaidi. Gawaneni zamu, muandike nani analala naye Jumatatu na nani Jumanne.

Nimemaliza upande wangu. Karatasi za mpango wa usalama ziko mezani mlangoni, na wanasihi watabaki mpaka mtu wa mwisho atakapoondoka. Anayetaka kuuliza mbele ya watu ainue mkono. Asiyetaka aandike swali lake bila jina, nitalisoma mimi. Namwona mama pale nyuma ameinua mkono. Karibu, mama.